Mashine ya kufungia pakiti: ipi ununue sasa, ipi isubiri

Ukipita mabanda ya wajasiriamali Sabasaba utakuta unga wa lishe, viungo vya pilau, karanga, ubuyu na majani ya chai kwenye pauchi za kupendeza. Chukua mbili tatu uzibonyeze. Baadhi hutoa upepo kwenye kona. Mwenye mali amelipia lebo na pauchi nzuri, kisha akazifunga kwa mashine isiyoendana nazo. Mwongozo huu ni wa anayefungasha nyumbani au kwenye kichumba cha kazi, kuanzia pakiti chache kwa siku hadi elfu moja au mbili. Nimeanza na mashine ninayomshauri mtu wa kiwango hicho na kumalizia na ile ambayo ningemshika mkono asiinunue bado. Bei sizitaji, maana maduka mawili ya Kariakoo yanayotazamana hutofautiana asubuhi ileile. Nitalinganisha tu.

Tazama mfuko kwanza

Kinachofunga pakiti ni plastiki ya ndani ya mfuko. Inayeyuka kidogo, inashikana na mwenzake, halafu inapoa ikiwa bado imebanwa. Kuna joto, kuna muda, kuna mbano, na kila mfuko una kiasi chake. Polithini laini huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 110 za Selsiasi. Polipropilini, ule mfuko unaochakarika ukiukunja, unataka kama 160. Pauchi ya foili ina tabaka: nje poliesta, katikati alumini, ndani polithini. Poliesta huyeyuka karibu na nyuzi 250, ndiyo maana upande wa nje haugandi kwenye chuma wakati wa ndani umeshayeyuka.

Krafti, mfuko wa karatasi wenye plastiki ndani, ndiyo inayowatesa watu. Karatasi huzuia joto, kwa hiyo mashine inayopasha upande mmoja tu hufunga juu juu: ukitazama unaona mstari mzuri, ukivuta unaachia. Kama bidhaa yako iko kwenye krafti au foili nene, tafuta mashine inayopasha pande zote mbili, au ya mkanda. Mwambie muuzaji hivyo kabla hajaanza kukuonyesha rangi za mashine.

Kuna na sheria. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania ikafuata 1 Juni 2019. Vifungashio vya bidhaa viwandani havikuguswa kwa namna ileile, lakini vina masharti ya ubora na ya kuandikwa. Mifuko myepesi isiyo na jina la mtengenezaji wala la bidhaa ni ya kuepuka hata kama mashine inaifunga vizuri.

1. Mashine ya mkanda

Hii ndiyo ningenunua kwa mtu ambaye tayari ana wateja wa kudumu. Mikanda miwili ya tefloni hushika mdomo wa mfuko, huupitisha kati ya vyuma vya moto, kisha kati ya vyuma vya kupoza, na mwisho gurudumu hukandamiza alama. Wewe unalisha upande mmoja, pakiti inatoka upande wa pili. Nyingi sokoni ni nakala za mfano unaoitwa FR-900, unaotengenezwa na viwanda vingi vya China. Uzuri wa nakala hizo ni kwamba spea zinaingiliana. Kibati cha mashine huandikwa joto hadi nyuzi 300 na kasi hadi mita 12 kwa dakika.

Usidanganywe na hizo mita 12. Chukua nusu yake, mita 6. Mfuko wenye upana wa sentimita 15 na nafasi ya sentimita 5 kabla ya unaofuata ni pakiti 30 kwa dakika. Hakuna mtu mmoja anayepima na kujaza pakiti 30 kwa dakika kwa kijiko na mizani. Ikienda polepole inakutosha, na polepole ndiyo hufunga foili vizuri. Kinachofanya niiweke juu si kasi. Ni kwamba pakiti ya kwanza na ya mia tano zinafanana: joto limewekwa, mwendo umewekwa, mkono wa mfanyakazi aliyechoka hauingii.

Faida ya pili ni tarehe. Nyingi huja na herufi ndogo za shaba zinazopangwa kwenye gurudumu, zikakandamiza tarehe ya kutengenezwa, ya kwisha muda na namba ya toleo. Hesabu kiboksi cha herufi mbele ya muuzaji, hasa sifuri na mbili, zinazotumika mno siku hizi.

Chagua umbo kulingana na mali. Ya kulala, ambapo mfuko unapita umelazwa, inafaa karanga, biskuti, sabuni za vipande. Unga na chochote cha majimaji vinataka ya kusimama, mfuko upite wima, la sivyo unga unakimbilia mdomoni. Na unga mdomoni ni adui: chembe zikikaa kati ya tabaka mbili, hapo hapafungi kwa joto lolote. Futa mdomo kwa ndani, au tumia faneli ndefu inayofika chini ya mstari wa kufungia.

Tatizo lake kwetu ni umeme. Matumizi si makubwa, kwa kawaida nusu kilowati au zaidi kidogo, yaani kama nusu uniti ya LUKU kwa saa. Ila umeme ukikatika kazi ikiendelea, mkanda unasimama tuli juu ya chuma chenye moto na kuungua mahali pamoja. Hata ukimaliza kazi vizuri, usizime yote kwa mkupuo: zima joto, acha mikanda izunguke hadi vyuma vipoe, ndipo uzime mota. Wafanyakazi wengi hawaambiwi hili, na mkanda wa kwanza hufa wiki ileile.

2. Sila ya mkono

Sila ni mashine ya kufungia tu; hii ni ndogo, nyepesi, nafuu kuliko zote, na kila mtu ameiona. Ukibonyeza mkono, umeme hupita kwenye waya mwembamba wa nikeli na kromu uliofunikwa kitambaa cha tefloni. Ukitimia muda uliouweka kwenye kitufe, umeme unakatika wenyewe. Haipashwi kabla, kwa hiyo haili umeme ukiwa umekaa. Kwa anayeanza, au anayejaribu soko kwa pakiti hamsini, hakuna sababu ya kununua kitu kingine. Na hata ukifika kwenye mkanda, usiiuze: siku fundi anapokuwa na mashine yako kubwa, hii ndiyo itakayopeleka oda.

Kosa la wengi ni kutazama urefu tu. Urefu wa milimita 200 au 300 unategemea upana wa mfuko wako, hilo ni rahisi. Uliza upana wa mstari. Zile za bei ya chini kabisa hufunga mstari wa milimita 2, unaotosha mfuko mwepesi wa karanga lakini si pauchi ya kilo ya unga itakayorushwa kwenye bodaboda. Tafuta milimita 5 au 8. Baada ya taa kuzima, hesabu sekunde mbili tatu bado umebonyeza. Plastiki ikiachiwa ikiwa moto inafunguka kabla haijagandana.

Mwili wa chuma ni bora kuliko wa plastiki. Nikisema zaidi nitakuwa naongeza maneno.

3. Ya kufungia midomo ya chupa na kopo

Kama unauza asali, siagi ya karanga, mafuta ya nazi au losheni, ruka nilizosema juu, hii ndiyo namba moja yako. Ndani ya kifuniko panakaa duara la foili lenye utando wa plastiki. Unafunga kifuniko, unaweka kichwa cha mashine juu yake, na nguvu ya sumaku-umeme inapasha foili kupitia kifuniko bila kukiyeyusha. Foili inagandana na mdomo wa chupa. Mteja akifungua anaona haijaguswa, na asali haivuji kwenye basi la Tabora.

Mambo mawili huwaumiza wanunuzi. Utando wa foili lazima uendane na plastiki ya chupa: foili ya polithini haishiki chupa ya PET, plastiki ileile ya chupa za maji ya kunywa, hata ukiichoma dakika nzima. Na kifuniko cha chuma hakifai kabisa, kwa kuwa kinapata moto chenyewe. Nenda dukani na chupa yako, kifuniko chako, na foili utakayoinunua kwa kawaida.

4. Sila ya pedeli

Kimsingi ni ile ya mkono iliyowekewa miguu. Mikono miwili inabaki huru kushika mfuko, na hilo lina maana kubwa kwa mfuko wa kilo mbili au tano. Mafundi wa Gerezani na wa Kamukunji huunda fremu nzuri za namna hii. Waya na kipima muda wananunua, chuma wanachomelea. Kwa mifuko midogo siipendelei. Anayenunua pedeli kwa pakiti za gramu 100 huwa baada ya muda mfupi anatamani mkanda.

5. Ya kunyonya hewa

Inauzwa sana kwa maneno ya "bidhaa inakaa mwaka mzima". Hewa ikitoka, mafuta ya karanga na korosho huchelewa kuchacha, hilo ni kweli. Wabanguaji wa korosho wanaouza nje hufungasha punje kwa namna hiyo kwenye mifuko ya kilo 22.68. Ila haifanyi kilicholowa kiwe kikavu. Unga usiokauka utavunda humo humo.

Kuna za nje na za chemba. Zile za nje, za nyumbani, zinataka mifuko maalumu yenye vinundu upande wa ndani ili hewa ipite, na mifuko hiyo itakugharimu kila siku. Za chemba, ambamo mfuko mzima unaingia ndani ya kifuniko, zinakubali mifuko laini ya kawaida, lakini bei inapanda sana. Unga hunyonywa hadi kwenye pampu. Dagaa hutoboa mfuko kwa miiba. Inunue kama unauza samaki wa moshi, nyama au korosho, na mnunuzi wako ameiomba.

6. Ya kujiendesha yenyewe

Roli la filamu linaingia juu, mashine inalikunja kuwa bomba, inafunga mgongo, inafunga chini, inajaza, inafunga juu na kukata. Ni uvumbuzi mzuri wa kimakenika. Hataza yake ya mwaka 1936 ni ya Walter Zwoyer, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya peremende ya Marekani. Watu huipenda wakiiona video.

Mashine yenyewe siigombi. Nagomba filamu. Kiwanda cha kuchapa hakikuchapii roli moja. Kinataka kilo nyingi, na kila rangi ina silinda yake unayoilipia wewe. Ukibadili anwani, au ukipata namba mpya ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, unachonga silinda upya huku una filamu ya zamani stoo. Kisha kila aina ya mali ina kijazio chake: parafujo kwa unga, vikombe kwa punje, pistoni kwa vimiminika. Anayekuambia moja inafanya vyote anauza. Na kama wazo lako ni vipakti vya kinywaji kikali, kumbuka viroba vilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Machi 2017.

Hela ya pili ipeleke kwenye kupima

Baada ya mashine ya mkanda, foleni huhamia mezani kwenye mizani. Kuna mashine ndogo za kutikisa zinazopima na kumwaga zenyewe, kwa mfano gramu 10 hadi 999. Kwa maharage, mbegu, kahawa ya punje na majani ya chai ni msaada wa kweli. Unga laini hukwama humo na kutoa vumbi. Wa lishe unataka ya parafujo. Mizani yoyote utakayotumia kuuzia ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, na kwa Kenya na idara yao ya vipimo.

Siku ya kununua

Nenda na mifuko yako ishirini na bidhaa yako. Mashine iwashwe, ifunge yote, wewe mwenyewe uendeshe. Kisha fanya haya hapo dukani: vuta mdomo kwa nguvu, na mfuko mzuri utachanika plastiki kabla mstari haujaachia, ziba hewa ndani ya mfuko mtupu, uzamishe kwenye beseni la maji na uminye, ukitafuta mapovu kwenye kona na pale pauchi inapokunjwa, mwaga maji ndani ya mwingine, uupindue juu ya karatasi kavu, ukae nao unapokunywa chai.

Soma kibati. Mashine ya volti 110 ikichomekwa kwenye umeme wetu wa 230 inaungua papo hapo, na zipo zinazouzwa hivyo. Ukikuta 380, hiyo ni ya fezi tatu. Nyumbani kwako pengine huna.

Ukiagiza China kupitia wakala, bei ya mashine huwa chini, lakini hapana wa kumrudishia. Nunua spea siku hiyohiyo na ndani ya mzigo huohuo: mikanda minne ya tefloni, nyaya tatu za joto, kitambaa chake, fyuzi, na mkanda wa mota. Andika vipimo vya mkanda wako, urefu na upana kwa milimita, kwenye karatasi na uigandishe mgongoni mwa mashine, kwa sababu atakayetumwa Kariakoo siku ukikatika hatakuwa wewe.