Buick Grand National au GNX: ipi kati ya gari hizi mbili za Kimarekani za 1987?

Zote ni nyeusi tii, zote zina injini ya V6 ya lita 3.8 yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), na zote zina gia nne za otomatiki. Ukizitazama kwa mbali usiku, utabishana na mwenzako bure.

Tofauti ipo chini ya boneti. Kiwandani, Grand National ilipewa nguvu za farasi 245. GNX ilipelekwa kwa mafundi wa ASC na McLaren, kampuni za kuboresha magari, wakaifunga tabo kubwa zaidi ya Garrett na intakula (kipoza hewa ya tabo) bora, ikafika 276 kwenye karatasi. Wengi wanaamini Buick walipunja hesabu hiyo makusudi, nami ni mmoja wao. Nyuma nako wakabadilisha sasipensheni ili nguvu ifike kwenye lami badala ya kuishia kuchoma matairi. Madigadi yakatanuliwa, na geji za mshale zikachukua nafasi ya zile za kidijitali.

Bei? GNX iliuzwa karibu dola 30,000, na zikatengenezwa 547 tu. Grand National za mwaka huo zilizidi 20,000. Grand National ya mwisho ilitoka kiwandani Pontiac, Michigan, Desemba 11, 1987.

Mimi ningechukua Grand National. GNX nyingi zimefungiwa gereji kama dhahabu ya bibi harusi, ilhali hii unaiwasha na kwenda nayo sokoni.