Gari la spoti la umeme au la familia: hata pole sikuambiwa

Niseme mapema: kama una watoto na unalitamani gari la spoti la umeme, liache. Nimekaa nalo wiki kadhaa kwa mkataba wa kulikodi kabla ya kununua, huku mke wangu akiwa ameshachagua lake zamani, haibridi ya familia, yaani linalotumia mafuta na umeme pamoja, yenye buti la maana. Habari za nguvu za farasi na kilomita kwa chaji moja zimejaa kila mahali, kazitafuteni huko. Mimi nina asubuhi moja tu ya kuwasimulia.

Watoto wameshavaa mabegi, tumechelewa kidogo kama kawaida yetu. Nabonyeza rimoti, kimya. Vitasa vya milango, vile vinavyojificha ndani ya bodi na kuchomoza vyenyewe ukikaribia, havikuchomoza. Simu, ambayo eti nayo ni ufunguo, ikadai gari haliko karibu. Nilikuwa nimeligusa kwa mkono! Na usiku wake nilikuwa nimelichaji vizuri. Gari limeshiba umeme, halina wa kufungulia mlango.

Aliyekuja kunieleza chanzo ni fundi mmoja ambaye wala si wa kampuni iliyonikodisha. Gari la umeme lina betri mbili. Kubwa iko sakafuni, volti 400 au 800 kutegemea gari, na ndiyo inayozungusha mota. Halafu kuna ndogo ya volti 12, ileile tunayoijua siku zote, inayolisha kompyuta, milango, taa, na zile swichi nzito zinazoiunganisha betri kubwa na gari lenyewe. Kubwa huichaji ndogo. Ndogo ikichakaa ikafa, swichi haziunganishi, na umeme wote ule wa chini unabaki mfungwa. Sasa sikilizeni hili: ndogo yenyewe ilikuwa chini ya boneti, na boneti inafunguliwa kwa umeme. Umeme wa betri gani? Hiyohiyo iliyokufa. Kuna nyaya zimefichwa nyuma ya kifuniko kwenye bampa, unaziunganisha na betri ya nje, boneti inafunguka. Haya yote yameandikwa kwenye mwongozo. Mwongozo uko kwenye skrini. Skrini iko ndani ya gari lililofungwa na kuzima.

Hata hivyo betri hufa, hilo ningelisamehe. Kilichonichefua ni simu niliyowapigia kampuni hiyo kuomba msaada.

Kijana aliyepokea hakusema pole. Si mwanzo, si katikati, si mwisho. Neno lake la kwanza baada ya maelezo yangu: "Mzee, mwongozo umesoma?" Nikamwambia mwongozo ulipo. Akacheka. Simu nilikuwa nimeifungulia spika, mke wangu akasikia, watoto wakasikia. Nikamuuliza kama linaweza kuvutwa kwa kamba mpaka kwao, akashusha pumzi kana kwamba namfundisha kazi: "Hili halivutwi, mzee. Hili linataka mtu anayekwenda na teknolojia." Kuhusu kuvuta alikuwa sahihi, nakiri, magurudumu yakizunguka yanaizungusha mota, nayo inaanza kuzalisha umeme na inaweza kuharibika, kwa hiyo gari la namna hii hupakiwa lote juu ya lori. Lakini mtu anaweza kuwa sahihi na bado akawa hana adabu. Lori lilikuja jua likiwa utosini. Dereva wake ndiye mtu wa kwanza kunipa pole siku ile.

Tangu hapo kila kitu cha gari lile kinanikera. Betri ya sakafuni imeinua miguu ya abiria wa nyuma, magoti yanakaribia kidevu. Paa limeteremka kwa madaha, vizuri sana kwenye picha, lakini jaribu kuinama kumfunga mtoto kwenye kiti chake uone mgongo utakavyolia. Halina hata tairi ya akiba. Wamekuwekea chupa ya gundi na kipampu. Gundi hiyo inaziba tundu la msumari. Tairi likichanika ubavuni, ni lori tena, na ni yule kijana tena.

Kule kwenye haibridi, mama aliyetuhudumia alituuliza kwanza umri wa watoto. Akaleta kiti cha mtoto, akakipachika kwenye vyuma vya ISOFIX, vile vya kushikia kiti cha mtoto, akamwachia mke wangu akipachike mwenyewe. Nikamuuliza kwa hasira zangu za volti 12. Akajibu bila kuzungusha kwamba hata hili linayo, na ikifa, halitawaka. Ila boneti hii unaivuta kwa waya, kwa mkono wako. Nilikaribia kumkumbatia.

Basi ningemalizia hapo, ila nitakuwa mnafiki. Haibridi ile ukiikanyaga inanguruma, inafikiri, halafu inakwenda. Lile jingine halifikiri. Mota ya umeme inatoa msukumo wake wote tangu gurudumu likiwa limesimama, hakuna gia ya kusubiri, na binti yangu wa mwisho, ambaye hulala kila safari, alikuwa akipiga kelele "tena, baba, tena!" Usiku najikuta naangalia picha zake. Za gari, si za binti.

Kwa hiyo nikisema liache, namaanisha liacheni nyinyi. Na ukishindwa kuliacha, kabla hujasaini mwambie muuzaji alizime kabisa, akuonyeshe kwa mkono wake jinsi boneti inavyofunguka bila umeme. Akicheka, ondoka.

Fomu za haibridi ziko mezani, mke wangu ameshatia saini. Mimi bado. Meneja wa wale wengine ametuma ujumbe kwamba atanipigia, na mtu akiniomba radhi vizuri huwa nalainika haraka kuliko inavyofaa.