TAHADHARI: "Afisa ajira" wa LinkedIn anayepiga watu kwa mgongo wa marafiki zenu

Wadau, kuna akaunti inazunguka LinkedIn ikijitambulisha kuwa afisa ajira wa kampuni ya nishati ya nje yenye mradi huku kusini. Inawalenga zaidi watu wa ugavi, manunuzi na usalama kazini. Ukikuta ujumbe wake, usijibu. Kama ulishamkubali, mtoe leo. Hataarifiwa, kwa hiyo usione aibu.

Jina analotumia siliandiki, maana picha aliyoweka ni ya dada wa watu asiyehusika kabisa, na jina lenyewe anaweza kulibadilisha kesho. Shikeni mtindo wake.

Anaanza kistaarabu. Anatuma ombi, anasifia uzoefu wako, anataja hadi mradi uliowahi kuusimamia (kausoma kwenye wasifu wako, si uchawi). Muda si mrefu anadai mfumo wa kampuni unasumbua, mhamie WhatsApp. Usaili ni wa kuandikiana tu; ukiomba simu ya video, mtandao wake mbovu. Inafuata barua ya ajira yenye nembo na muhuri, mshahara wa dola, na vitu unavyotakiwa kutuma: namba ya NIDA, nakala ya pasipoti, vyeti. Mwisho kabisa ndipo hela inapotajwa: shilingi 185,000 za vipimo vya afya, eti utarudishiwa kwenye mshahara wa kwanza, na zitumwe kwa namba ya mtu binafsi. Ni "ile hela tuma kwenye namba hii", safari hii imevaa tai.

Mdogo wangu wa kazini kalizwa hivyo. Alipolipa, ikaja ada ya kibali, ndipo akashtuka. Nilipomuuliza alimwaminije mtu huyo akaniambia, "Kaka, tulikuwa na watu kibao tunaofahamiana wote. Hadi bosi wetu wa zamani yumo."

Nikawapigia baadhi yao. Bosi wa zamani alimkubali kwa sababu aliona jina la mwenzake wa chama cha wataalamu. Huyo mwenzake naye alimkubali kwa sababu ya mhadhiri mmoja wanayeheshimiana. Mhadhiri akacheka, akasema yeye hukubali kila anayeomba, hana muda wa kuchambua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuongea na huyo mtu. Tapeli kajengewa heshima na watu wazima wenye heshima zao, bure, kwa kubonyeza tu.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Ukimkubali mtu LinkedIn, jina lako linakaa chini ya jina lake kila mdogo wako wa mtaani au wa chuo anapomchunguza. Umemdhamini, utake usitake. Tena usipobadilisha mipangilio, anaiona orodha ya watu wako wote, na huko ndiko anakochagua wa kufuata. Wengi tunakimbilia ile 500+ inayoonekana kwenye wasifu, wakati ukishaivuka hakuna anayehesabu tena.

Najua nitaambiwa mtafuta kazi hawezi kukataa wageni. Ni kweli, na sisemi mkatae wote. Mwandikie kwanza, muulize kazi gani na ofisi ipo wapi, ndipo uamue. Fungua sehemu ya taarifa za akaunti yake uone alijiunga lini. Huyu wetu anajiita mzoefu wa miaka mingi na akaunti ni ya juzi. Kisha ipigie kampuni kwa namba ya kwenye tovuti yake, siyo aliyokupa yeye. Na wale mnaotumiwa "nafasi za Umoja wa Mataifa": UN haitozi ada katika hatua yoyote ya ajira. Yoyote.

Na siyo laki mbili tu inayoweza kwenda. Machi 2022 mtandao wa Ronin, unaobeba mchezo wa Axie Infinity, uliibiwa sarafu za kidijitali za zaidi ya dola milioni 600. Iliripotiwa baadaye kwamba mhandisi mmoja wa kampuni ya mchezo huo alifuatwa LinkedIn, akafanyiwa usaili, akatumiwa barua ya ajira ya PDF, akaifungua. FBI waliwataja wadukuzi wa Korea Kaskazini. Kwa hiyo faili la "mkataba" usilifungue kwenye kompyuta ya ofisi. Na kama kazi ni ya kusafiri, kumbukeni kambi za Myawaddy, Myanmar, ambako watu hushikiliwa na kulazimishwa kutapeli wengine mtandaoni; maelfu walitolewa huko mwanzoni mwa 2025. Walikuwemo Waethiopia, Wakenya na Waganda, na wengi walikuwa wameahidiwa kazi nzuri Thailand.

Kama ulishampa namba ya NIDA, piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa jina lako, na usiyoitambua nenda kaifutishe kwa mtandao husika. Namba aliyokutaka utume hela iripoti 15040, kisha nenda polisi na picha za mazungumzo yote. Usifute hata moja kwa hasira. Akaunti nayo iripotini humo humo LinkedIn kuwa ni feki.

Nyongeza: kuna aliyeniambia asubuhi hii kwamba wasifu ule umeshaondolewa. Namba ya WhatsApp bado iko hewani, na sasa inatangaza nafasi za mgodini.