Nimepima gari la 2003 kwa ELM327: usikimbilie kununua sensa

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo nipo ndani ya gari, boneti iko wazi, na hiki mkononi ndicho tunachokichambua: ELM327, kile kidude cha Bluetooth unachokichomeka chini ya usukani kikasoma kompyuta ya gari na kuonyesha kwenye simu yako. Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 25,000. Gari ni la mwaka 2003, lilitoka Japani likiwa limeshatumika, na ninalo mwaka wa sita sasa.

Shida ilianza hivi. Taa ya injini iliwaka. Nikiwa kwenye foleni gari linatetemeka, linamisi, mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda na kushuka. Nikiondoka, limetulia kabisa. Nikalipeleka gereji, likapimwa kwa mashine, ikatoka kodi, yaani namba ya hitilafu, P0171. Fundi akaniambia, "Bosi, hiyo oksijeni sensa imekufa, nunua nyingine." Ni kile kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa gari. Nikanunua. Taa ikafutwa, na baada ya siku tatu ikawaka tena. Hela ilishakwenda, na sensa ya zamani ilikuwa nzima.

Hili linaniuma kwa sababu naliona kwa watu kila siku. P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi, petroli kidogo. Sensa ndiyo iliyoleta taarifa. Ukiing'oa, umemfukuza mlinzi aliyekuja kukuambia mwizi kaingia.

Sogeeni muone simu yangu. Programu hii ni Torque, ya Android. Acheni kodi kwanza, tazameni palipoandikwa fuel trim. Hiyo ni asilimia ya petroli ambayo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Ziko mbili, ya muda mfupi na ya muda mrefu, unazijumlisha. Ikicheza ndani ya 10, juu au chini ya sifuri, mimi sina wasiwasi. Siku niliyolipima mwenyewe baada ya taa kurudi, gari limesimama linaunguruma tu, jumla ilikuwa 24. Nikakanyaga mpaka rpm 2,500, nikashikilia hapo. Ikashuka mpaka 5.

Mmeona? Hiyo ni dalili ya ufa kwenye mpira wa hewa. Injini ikiunguruma polepole inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa inayoingia kwenye ufa inakuwa sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga, inavuta nyingi, ule ufa hauna nguvu tena. Ingekuwa kinyume, asilimia inapanda kadiri unavyokanyaga, ningeanza na pampu ya petroli, filta iliyoziba, au sensa ya hewa iliyochafuka. Nikatafuta mpira mmoja mmoja. Nikaukuta mdogo, nyuma ya injini, umekauka na kupasuka upande wa chini ambao jicho halifiki. Niliugundua kwa kidole. Mpira mpya, shilingi 4,000.

Sasa kasoro zake, na ni kubwa kwa wenye magari ya zamani. ELM327 nyingi zinazouzwa ni nakala. Nyingine zimeandikwa v2.1, lakini lugha za kielektroniki za magari ya zamani zimepunguzwa ndani yake, hivyo kwenye gari jipya kinaunganisha, kwenye lako kinakaa kimya. Changu kimeandikwa v1.5, toleo ambalo kampuni iliyobuni ELM327 haikuwahi kulitoa, lakini kinasoma gari langu. Usiamini maandishi, chukua gari ukajaribie hapo hapo dukani. Tena kuwepo kwa tundu la pini 16, lile unalochomeka kifaa hiki, hakutoshi: magari kadhaa yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani miaka ile yana tundu hilo, ila hayajibu vifaa hivi. Mwenye iPhone, hiki cha Bluetooth ya kawaida hakitakufaa, tafuta cha Wi-Fi.

Mabushi, shokapu, gasketi iliyoanza kuvuja, hivyo hakivioni. Hapo bado unamhitaji fundi mwenye masikio.

Kwa anayekwenda kununua gari la mtu, kuna kitu kimoja ninakipenda mno. Muuzaji akifuta kodi asubuhi ili taa izime, kompyuta inarudi kuanza vipimo vyake upya, na programu itakuonyesha kwamba vingi havijakamilika. Inaweza kutokea pia kama betri ilitolewa, kwa hiyo muulize kwa adabu, kisha omba uliendeshe siku nyingine.

Pia soma umeme wa betri. Gari likiwa linawaka, volti 13.5 hadi 14.5 ni sawa. Ukikuta 12.3 na injini inaunguruma, alteneta haichaji, usiende kununua betri mpya.

Nakipa nane kwa kumi. Ngoja nikichomoe kabla sijafunga boneti, maana hata ufunguo ukiwa umetolewa kinaendelea kunywa betri, na kesho silitumii gari hili.