Uzoefu wangu na intaneti ya waya wa simu: kutoka ADSL2+ hadi VDSL2

Kwa miaka nimetumia intaneti ya laini ya simu ya mezani, kwanza ADSL2+ na sasa VDSL2, nyumba ileile na waya uleule wa shaba. Watu wengi hununua jina la kifurushi bila kujua waya wao una uwezo gani, na hapo ndipo hela inapopotea.

Mazungumzo ya simu hutumia masafa ya chini ya mawimbi tu, yasiyozidi 4 kHz. Juu ya hapo waya uko wazi, na DSL, yaani intaneti ya aina hii, hupita humo. Ndiyo maana unaongea na simu huku intaneti ikiendelea, tofauti na ile ya zamani ya kupiga namba, iliyoishia 56 kbps na kukuzibia laini nzima.

ADSL ya kwanza ilifika 8 Mbps hivi. ADSL2+, iliyopitishwa mwaka 2003, ilipanua masafa kutoka 1.1 MHz hadi 2.2 MHz, na kwenye matangazo ikawa "hadi 24 Mbps". Hilo neno "hadi" lisomeni vizuri. Masafa ya juu hufifia haraka kadiri waya unavyorefuka, kwa hiyo 24 ni ya aliye jirani na kituo cha simu. Ukurasa wa hali ya laini kwenye modemu yangu ulionyesha upotevu wa mawimbi wa desibeli 38, yaani waya wa karibu kilomita tatu, na spidi ya 11 Mbps. Kwa umbali ule hiyo ni spidi ya haki kabisa. Kifurushi kikubwa zaidi kisingeongeza chochote. Filamu niliangalia bila shida. Kilichonichosha ni kupakia: ilikuwa 1 Mbps tu, na video ya kazini ilichukua usiku mzima kupanda.

Kabla ya kulaumu kampuni, angalia nyumba yako. Kila simu inahitaji filta yake, kile kidude cha kutenganisha sauti na intaneti, la sivyo simu ikiita tu intaneti inakatika. Modemu nayo ichomekwe kwenye soketi kuu. Nilipoacha kutumia waya mrefu uliozunguka hadi chumba cha nyuma, laini ilitulia siku hiyohiyo.

Kisha kampuni ikaleta faiba hadi kwenye kabati la mtaani, na shaba iliyobaki hadi kwangu ikawa mita mia chache. Hapo VDSL2 ikawezekana. Toleo ninalotumia hufika masafa ya 17 MHz, na ninapata zaidi ya 60 Mbps kupakua na 18 kupakia. Mkutano wa video haugandi tena hata mtu mwingine akiwa anapakua mafaili makubwa. Kwangu hii ni nyota tano. Lakini kama kabati liko kilomita moja na nusu au zaidi kutoka kwako, baki na ADSL2+, kwa sababu tofauti utakayoiona ni ndogo mno.

Kuna pia SHDSL, ambayo kupakua na kupakia ni sawa, ila haibebi simu ya kawaida kwenye jozi hiyohiyo ya nyaya. Inafaa ofisi zaidi. Na G.fast, yenye masafa ya 106 MHz, ni ya nyumba zilizo karibu sana na kifaa cha kampuni. Hiyo sijaitumia.

Kasoro niliyobaki nayo ilikuwa mvua. Ikinyesha, akiba ya mawimbi juu ya kelele, namba nyingine kwenye ule ukurasa wa modemu, ambayo ikipungua sana laini hukatika, ilishuka kutoka desibeli 9 hadi 3 na modemu ikaanza kujizima na kuunga upya. Huduma kwa wateja waliniambia niwashe upya, kila mara jibu ni hilohilo. Nilipowatumia picha za namba hizo, za siku kavu na za siku ya mvua, wakamtuma fundi, naye akakuta kiungo cha waya kwenye nguzo kimeingia maji na kuota kutu ya kijani. Akakikata, akaunga upya kwa kiungo chenye mafuta ya kuzuia maji. Mvua zimenyesha tangu hapo na akiba haijashuka chini ya 8.