Hema la Kupakia Kwenye Baiskeli: Ushauri kwa Msafiri wa Malindi

Anayetoka Malindi kwa baiskeli kuelekea Mambrui na Marafa, au kusini kupitia Gede na Watamu, hasumbuliwi na baridi bali na fukuto, mchanga na mbu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza uzito wa hema, aulize kwanza upepo utapitia wapi.

Ninaloliweka mbele ni hema la mtu mmoja lenye matabaka mawili, la ndani neti tupu na la nje kitambaa cha kuzuia mvua, linalosimama lenyewe kwa fito zake. Mengi ya aina hii yana uzito wa kilo 1 hadi 2, na usiku usio na wingu lile la nje hubaki mfukoni. Pima pia urefu wa fito zikiwa zimekunjwa, kwani za sentimita 30 hivi hukaa vizuri mbele ya usukani, ilhali za 45 huparuzana na nyaya za breki na hatimaye huhamia kwenye keria. Nailoni ikilowa hulegea, hata hema lililokazwa vyema jioni likaonekana limenywea alfajiri. Poliesta hulegea kidogo tu, nami ndiyo niichaguayo.

Vigingi vyembamba vinavyouzwa na hema havishiki mchanga. Usiku mmoja wa kusi, ufuoni Mambrui, vyangu viling'oka kimoja baada ya kingine, nikakesha nimelishikilia hema kwa mikono. Tangu hapo hubeba vifuko vinne vya nguo, ambavyo huvijaza mchanga, nikavifunga kamba na kuvifukia hadi kina cha kiwiko.

La pili ni turubai jepesi pamoja na chandarua cha kawaida. Ni rahisi kwa bei, na baiskeli yenyewe huwa nguzo, ila mvua ya Mei ijayo kwa ubavu haina simile.

Bembea ya kulalia ni ya tatu: ina hewa tele, lakini mbu huuma mgongo kupitia kitambaa chembamba, na inataka miti miwili. Mivinje yafaa; minazi, hapana, kwa sababu nazi haichagui kichwa.

Mfuko wa kulalia usiopitisha maji ni wa mwisho. Wepesi wake ni wa kweli, lakini utaamka umelowa jasho lako mwenyewe.

Dukani, fungua na ufunge kila zipu mara kadhaa, na ukirudi safari uzisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, maana ndizo zinazoharibika kwanza.