Risasi ya .22 Hornet kwa kulinda shamba: maoni yangu nikiwa Uyui, Tabora

Wadau wa kilimo na mnaomiliki silaha kihalali, niseme moja kwa moja, .22 Hornet naipa nyota 4 kati ya 5 na ile moja niliyoibania ni ya upatikanaji tu, kwenye kazi yenyewe sina malalamiko. Naandika hii maana kila nikikaa na wakulima wenzangu swali ni lile lile, nichukue kaliba gani (yani ukubwa gani wa mtutu na risasi) kwa ajili ya ngedere, na majibu wanayopewa mengi ni ya watu wanaowinda nyati.

Kwanza kabisa ruhusa. Leseni ya bunduki inakuruhusu kuwa na bunduki, haikuruhusu kupiga mnyama yeyote unayemkuta kwenye karanga zako, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ipo na inafanya kazi, kwahiyo unaanza kwa afisa wanyamapori wa wilaya, unaeleza hasara, anakuelekeza. Kwa upande wa silaha kuna sheria ya 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, hiyo ni polisi. Mi nafanya kwa utaratibu huo na sijawahi kusumbuliwa na mtu.

Haya sasa kazi yenyewe. Shamba langu lina karanga, mahindi na mihogo kidogo, limepakana na pori la miombo ambako watu wamening'iniza mizinga ya nyuki, alafu upande wa pili kuna njia ya watoto wanaochunga mbuzi. Yani huwezi kuja hapa na raifoli kubwa ya risasi nzito inayopita mnyama, inapita mti, inaenda kumtafuta mtu huko mbele. Shotigani nayo inachoka haraka, ngedere wameshajifunza umbali wake kabisa, wanakaa mita themanini huko juu ya mti wanakutazama. Na ile .22 ndogo ya kawaida ambayo wengi wanaikimbilia kwa sababu ni rahisi bei, kichwa chake, yani ile sehemu inayoruka, cha greni 40 (kama gramu 2.6) kinatoka kama mita 380 kwa sekunde, ni kigumu na cha polepole, kikigonga jiwe au ardhi ya kiangazi kinaruka na kuendelea na safari. Watu wanaichukulia kama ya kitoto wakati inaweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu. Mi kwa shamba lenye watu pembeni siipendi, naomba mnielewe.

Hornet ni kitu kingine. Kaliba ni ile ile ya 22, kichwa cha milimita 5.7 hivi, ila ganda lake ni refu, jembamba, lina shingo, na ndani kuna baruti ya maana. Kichwa cha greni 45 ambacho ni gramu 2.9 tu kinatoka kama mita 820 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya .22 ya kawaida, na kwa sababu kimevikwa shaba nyembamba na ndani ni madini laini ya risasi, kwa mwendo ule kikigusa kitu kinapasuka vipande palepale. Hapo ndipo penye thamani yote ya hii risasi. Mnyama mdogo anakufa bila kuteseka na ukikosa, kichwa kikiingia kwenye udongo kinavunjika, hakiruki ovyo. Lakini msije mkaniambia nimesema haina hatari, kwenye yale majabali yetu kitu chochote kinaweza kugeuka, mi sifyatui kama nyuma ya mnyama hakuna kichuguu au tuta, na vichuguu huku hatuna uhaba navyo.

Bunduki ninayotumia ni Brno ya zamani, ZKW 465, alikuwa nayo baba mdogo na tulibadilisha umiliki kwa kufuata taratibu zote. Nyepesi, haipigi teke, mtu unafyatua huku bado unaona kwenye darubini kilichotokea. Mtutu wake msokoto, yani ile mifereji ya ndani inayozungusha kichwa, ni mzunguko mmoja kwa inchi 16, maana yake unataka vichwa vifupi vyepesi, usilazimishe vichwa virefu vya greni 55 vitayumba hewani na utasingizia darubini.

Nimetumia aina mbili, greni 45 ya ncha laini na greni 35 yenye ncha ya plastiki. Ile ya 35 ina kasi zaidi, inakaribia mita 945, na inapasuka vibaya sana hata kwenye nguchiro, kwahiyo kwa usalama wa watu pembeni hiyo ndio chaguo langu ndani ya mita 100. Ila upepo wa kiangazi, ule wa mwezi wa saba wa nane unaopuliza vumbi mchana kutwa, unaisukuma, kichwa chepesi hakina ubishi na upepo. Siku kama hizo narudi kwenye 45. Na hiyo 45 ukiilenga sawa kwenye mita 90 basi ikifika 180 imeshuka kama sentimita 20, sasa mnyama mwenyewe ana upana gani? Mi nasema mwisho mita 150 kwa mtu aliyezoea, zaidi ya hapo mwache aende. Nyani dume pia hapana, yule ni mnyama mkubwa mwenye nguvu, kumpiga na Hornet kwa mbali ni kumjeruhi na kumwachia maumivu porini, hapo waite wenye silaha inayostahili.

Sasa kuna vijana wamesoma mambo ya kubuni risasi yako mwenyewe, unachukua ganda lililopo unabana shingo au unapanua bega unapata kitu chako. Historia yake ni nzuri kweli na Hornet yenyewe imezaliwa hivyo, wanajeshi wa Marekani kina Townsend Whelen walichezea ganda la risasi ya zamani ya Winchester, .22 WCF, miaka ya 1920 pale kiwanda cha silaha cha Springfield, Winchester wakaanza kuiuza 1930. Kisha 1940 Lysle Kilbourn akapanua bega lake kuongeza baruti, ndio K-Hornet. Na 2012 Hornady wakabana shingo mpaka kaliba ndogo zaidi ya .17, kichwa cha greni 20, mita 1,100 na kitu kwa sekunde, mstari karibu umenyooka. Naipenda hiyo hesabu, mtu aliyekaa akafikiria ganda dogo, baruti kidogo, kelele kidogo, matokeo makubwa, ni akili ya hali ya juu.

Lakini kwa sisi wa Tabora? Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, mashine za kubania huzioni, na maganda ya Hornet kuta zake ni nyembamba, ukiyajaza tena na tena yanachanika shingoni. Risasi ya kubuni inakuwa na faida kwa mkulima pale tu kiwanda kinapoichukua, angalia risasi ya .22-250 ilivyozunguka mikononi mwa mafundi miaka na miaka mpaka Remington walipoiingiza sokoni 1965, ndipo mtu wa kawaida akaipata. Kwahiyo kama unataka kaliba ya ajabu ajabu jiulize pakiti ya pili utainunua wapi.

Maana hata Hornet ya kawaida kuipata ni shughuli. Huku mjini usihangaike, ni kuagiza Dar kwa kibali, na bei yake ukilinganisha na .22 ya kawaida inauma, pakiti moja ya hii ni pakiti kadhaa za ile. Kuna duka moja walinitumia .22 Magnum wakidai ni kitu kimoja, sio kitu kimoja na haitakiwi hata kuijaribu kwenye mtutu wa Hornet, basi andika jina kamili kwenye oda na ukipokea soma maandishi chini ya ganda kabla hujalipa. Alafu angalia namba ya loti (mkupuo mmoja wa kiwandani) kwenye maboksi, chukua yote ya namba moja, maana loti ikibadilika na mahali risasi inapopiga panahama, itabidi uanze upya kulenga na kuchoma risasi ambazo zimekugharimu.